Komanda Iliasi na Mitumbwi ya Nyangwe

Djamila Yakubu,
Nyuma ya soko kuu,
Kasongo, Maniema.

Tarehe 6 Juni 2024.

Mpendwa mwanangu Aicha,

Asalaam alaikum. Nakujulia hali kwanza kabla sijafungua mengine. Hujambo wewe? Mchumba wako Kamaldine hajambo? Na kazi ya hospitali, inakupa nafasi ya kula na kulala kama watu? Tuliziona picha mlizotuma kutoka Liège mkiwa ndani ya makoti mwezi wa nne, na mume wangu Abdoul akasema wenzetu walipewa barabara wakanyimwa jua.

Sisi hapa hatujambo, kwa uwezo wa Mungu. Magoti yananigomea nikipanda kutoka mtoni, lakini sokoni bado nakwenda, na kwa kuwa Idi inakaribia vitenge vinatoka vizuri. Abdoul anaendelea kubishana na redio kila asubuhi kana kwamba inamsikia. Mvua zimekatika, mpunga umeingia ndani, na pikipiki zimeanza tena kupita njia ya Kabambare bila kubebwa na abiria wake.

Utashangaa kupata karatasi badala ya sauti. Simu yetu unaijua, unasema neno moja unapoteza mawili, na haya ninayokuandikia hayafai kukatikakatika. Tena najua ungeanza kulia kabla sijafika katikati, nami ningenyamaza kwa huruma. Michel wa mafuta ya mawese anakwenda Bujumbura na ameahidi kuiweka barua hii posta huko. Isome ukiwa umekaa, mwanangu, na usiisomee kazini.

Ni habari za baba yako. Ulipokuwa msichana ulikuwa ukiniuliza alikuwa mtu gani, nami nilikuwa nakujibu kwa mkato. Tangu tulipomzika baada ya Idi ya mfungo, nimejua kwamba hata huo mkato niliokupa haukuwa wa kweli. Acha nianze mbali kidogo.

Baba yako na mimi tulizaliwa Nyangwe, mimi mkubwa, yeye akanifuata. Babu yako Yakubu aliuza samaki wa kukausha, na ukoo wetu ni wale wanaoitwa Waungwana, waliobaki huku tangu enzi za misafara ya watu wa pwani. Baba yako Iliasi alikuwa mtu wa maji. Mama alikuwa akimtuma kuchota, akirudi ndoo tupu na nguo mbichi. Alijua mahali mto unapogeuka na kuvuta mtu chini, akatuonyesha sisi wengine tusiogelee hapo.

Alipomaliza shule ya mapadri hapa Kasongo, alijiandikisha katika jeshi la majini. Babu yako hakupenda, ila hakukataza. Wakampeleka Banana, kule mto wetu unapoingia baharini. Alituandikia kwamba ameyaonja yale maji yakawa ya chumvi, na hakuamini kwamba ndiyo maji yaleyale yaliyopita mbele ya mlango wa mama. Mama alicheka siku nzima kwa barua ile.

Akapata cheo, akavaa nguo nyeupe, akapelekwa kambi moja ndogo kando ya Ziwa Tanganyika. Huko alimwoa mama yako Fatuma, na huko alimpata rafiki, Octave, fundi wa injini za boti, Mbangubangu wa kijiji cha Wamaza, Mkristo mwenye sauti nzuri ya kuimba. Walikaa boti moja miaka mingi. Baba yako akiwa mbele anaangalia maji, Octave nyuma anasikiliza moteri. Likizo walikuja pamoja, na Octave akazoea kuniita yaya, yaani dada mkubwa, kama baba yako alivyoniita. Nami nikamzoea hivyo hivyo.

Vita vilipoingia mwaka wa tisini na nane, mama yako alikuwa ameshatutoka kwa kipindupindu, na wewe ulikuwa kwangu, umefungwa mgongoni mwangu nikiuza vitenge. Kule ziwani mkuu wao alipakia familia yake na redio kwenye boti iliyo nzima, akavuka. Hakuwaaga vijana wake. Asubuhi walikuta gati tupu na waasi wameshafika kilimani.

Baba yako na Octave walivua nguo za kazi wakakata porini kuja huku. Kabla ya Kabambare homa ikamwangusha baba yako, akawa hajui jina lake. Octave aliokota baiskeli isiyo na mnyororo, akampakia, akaisukuma kwenye matope mpaka kwao Wamaza. Mama yake Octave akamlea kwa uji na majani machungu mpaka akasimama tena. Hili nalitia hapa kwa makusudi, mwanangu, maana haki ni haki hata kwa mtu aliyekuumiza. Bila Octave, baba yako angebaki kwenye njia ile.

Walipofika Kasongo, mji ulikuwa umeshapata wenyewe wapya. Wale waasi walijiita wakombozi. Sisi tuliwaita wenye mji, kama tulivyowaita wote waliowatangulia. Walikuwa na askari wengi na hawakuwa na hata mmoja aliyejua mto. Wakamwita baba yako, wakampa zile boti ndefu za mbao za wafanyabiashara, wakafunga bunduki kubwa juu ya moja, wakamwambia sasa wewe ndiye komanda wa mto wote kutoka Kasongo kushuka Kibombo. Octave akawa naibu wake.

Nilimwuliza kama hakuogopa kuvunja kiapo chake. Alikuwa anakula, akaweka tonge chini.

“Yaya, ile bendera niliapa mbele yake, ilipanda boti ikaniacha pa gati,” akasema. “Mutu anaachwa hivyo, anarudi kwao. Na kwao ni hapa.”

Akaokota tonge lake, akaendelea kula. Leo serikali inamwita msaliti kwa neno hilo, na sitaki kubishana nayo. Alichagua, na alijua amechagua.

Lakini nakwambia alivyoitumia nafasi ile, maana watu wapo waliomwona. Alibeba chumvi na wagonjwa. Akikamata boti inayotoka upande wa serikali, alichukua risasi na mafuta, halafu aliwateremsha watu salama ukingoni, kila mtu na mzigo wake na kuku wake. Wenye mji walimcheka, wakampa jina la komanda wa kuku. Yeye mwenyewe alilipenda jina hilo.

Sasa nafika Nyangwe, na hapa nakueleza kwanza yale tuliyoambiwa sisi.

Ilikuwa siku ya soko, wakati wa kiangazi. Wanawake wa ng'ambo walikuwa wanavuka na mihogo yao kwa mitumbwi. Wenye mji walikuwa wamepiga marufuku kuvuka, wakidai kwamba Mai-Mai, wapiganaji wa porini waliowapinga, wanapata chakula kwa njia hiyo. Ile boti ya bunduki ikatoka, ikaipiga mitumbwi katikati ya mto. Walikufa mama na watoto, wengine maji yaliwachukua wasionekane tena. Sisi Kasongo tulipata habari jioni kutoka kwa watu waliofika miguu mitupu.

Unajua Nyangwe. Wazee wa kule wana kumbukumbu ya soko lingine, la zamani za babu wa babu zetu, nalo liligeuka kilio kwa bunduki za watu wa misafara. Kwa hiyo iliposemwa kwamba aliyepiga mitumbwi ni Iliasi wa Yakubu, Mwungwana, hakuna aliyehitaji ushahidi. Walisema damu imerudi kazini.

Amani ilipokuja na majeshi yakachanganywa, tume ilikaa kusikiliza maovu ya vita. Mkubwa mmoja wa waasi, aliyekuwa amesimama kivukoni siku ile, alikuwa ameshapewa kiti kikubwa katika mambo mapya, hakuna aliyethubutu kumtaja. Tume ikaandika kwamba Komanda Iliasi alitoa amri na akapiga kwa mkono wake. Wakamvua cheo, wakamfunga gereza la mbali. Octave akapokewa jeshini na nyota juu ya bega.

Nilisafiri kwenda kumwona baba yako gerezani. Nilimwuliza uso kwa uso: ni wewe? Alimtupia jicho askari aliyekuwa akitusikiliza, akasema:

“Watu walikufa, yaya. Mimi nilikuwa komanda. Acha.”

Nilichukua maneno hayo kuwa ndiyo jibu, nikarudi nayo nyumbani kama mtu aliyebeba maiti.

Ni wakati huo Octave alipokuja na nguo mpya za jeshi akaomba akuchukue Kinshasa. Alisema mtoto wa Iliasi ni mtoto wake, shule za kule ni nzuri, hapa wenzako watakutukana kwa ajili ya Nyangwe. Alisema kweli, walishaanza kukutukana. Tulimpelekea baba yako habari, naye akatuma neno la kukubali. Ulilia ukining'ang'ania shingoni. Nilimshukuru Octave mpaka nikapiga magoti, mimi Djamila, mkubwa wake.

Baba yako alipotoka, alitoka bila cheo na bila kazi. Alitengeneza moteri za boti pale bandarini, hata watu waliomchukia walimletea moteri zao, wakazitupa chini wakaondoka bila salamu. Nyangwe hakuweza kukanyaga. Mama alipofariki, nasi tukampeleka Nyangwe kumlaza kando ya babu yako, vijana walisimama kivukoni na mapanga wakasema sisi tupite, yeye asipite. Baba yako aliusimamisha mtumbwi wake katikati ya mto, akasimama humo mpaka tukamaliza kufukia. Tulimwona kutoka makaburini, mtu mmoja mweusi juu ya maji. Sijui alisoma dua gani.

Na Octave alikuwa akija. Kila alipopata safari ya Maniema alipita hapa, akakaa juu ya mkeka wangu, akala sahani moja na baba yako. Mimi nilimchinjia kuku. Nilimwagia maji mikononi. Aliniletea salamu zako na picha zako za shule, nikasema kuna ndugu wa damu wasiofanya hivi. Baba yako alikuwa hazungumzi sana siku hizo. Nilidhani ni aibu.

Tension, huo ugonjwa wa presha ya damu, ilimchukua upesi, hayo nilikuambia kwenye simu. Alianguka bandarini, na walipomfikisha kwangu alikuwa hawezi tena kusema. Najua ulijaribu kuja karatasi zako za kusafiria zikakataa. Usijilaumu kwa hilo.

Octave alikuja kwa hitma ya arobaini. Najua alikutumia picha. Lakini nina hakika hakukueleza yaliyotokea, na hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Uwanja ulikuwa umejaa. Tulimpa kiti cha mbele kando ya imamu. Watu walipomaliza kusoma, aliomba aseme neno. Akasimama, amenenepa siku hizi, akatoa miwani, akafuta macho. Alisema marehemu alikuwa rafiki yake, walisumbuka pamoja. Halafu akasema hivi, nami nilimsikia vizuri kwa sababu nilikuwa mlangoni:

“Pale alikosea, alikosea kama mwanadamu. Mimi nilikuwa naye, nashuhudia alitubu. Watu wa Nyangwe, ninawaomba mumusamehe ndugu yangu.”

Wengi walilia. Mimi pia nililia, na nikamwombea Octave baraka.

Kati ya wanawake alikaa mama mmoja aliyekuja asubuhi na unga wa mihogo na samaki kichwani, kama waombolezaji wote. Sikumjua. Nilikuwa nimempokea mzigo wake nikampa mkeka. Yeye ndiye aliyesimama. Anaitwa Mama Pascaline, ni mwuza samaki wa Nyangwe. Hakupaza sauti, na kwa sababu hiyo kila mtu alinyamaza amsikie.

“Mukubwa, mimi nilikuwa mu mutumbwi siku ile, na binti yangu. Ninauliza tu. Nani alinishika kitenge akanivuta mpaka pa majani?”

Octave aligeuzageuza miwani mkononi.

“Ni Iliasi. Aliruka mu maji akatuvuta, mimi na wengine. Binti yangu alimukosa, alimutafuta mpaka maji yakamushinda na yeye. Sasa kama yeye alikuwa mu maji na mimi, nani alibaki nyuma ya bunduki?”

Aicha, hesabu hiyo uwanja wote uliifanya. Kwenye boti ile kulikuwa na watu wawili waliojua ile bunduki, na mmoja wao sisi tulikuwa tunamsomea hitma.

Octave akarudi kitini akakaa. Imamu akaona, akanyanyua mikono, akafunga kwa Fatiha. Watu wakaitikia huku wanatazama mtu mmoja. Octave akaondoka kitini akapita nyuma ya nyumba, upande wa jiko. Nikamfuata.

Nilimkuta ameegemea ukuta, miwani mkononi. Nilimwambia aniambie yote, na asinipake mafuta. Akanieleza kwa sauti ya mtu anayesoma. Yule mkubwa alikuwa kivukoni na redio, akaamuru wapige. Baba yako akakataa, akaitupa redio ya boti mtoni, akaanza kuwapigia kelele watu wa mitumbwi warudi ukingoni. Yule mkubwa akaelekeza bunduki za askari wake kwenye boti, akapaza sauti kutoka ukingoni kwamba asiyepiga atapigwa. Octave ndiye aliyekuwa karibu na bunduki.

“Niliogopa, yaya,” akasema. “Nilipiga. Iliasi akaruka.”

Nikamwuliza habari ya tume. Akasema aliitwa wa kwanza, akaonyeshwa kwamba jina la yule mkubwa halitajwi, na kwamba jina moja la chini lazima lipatikane. Akataja la baba yako. Nikamwuliza kama Iliasi alijua.

“Nilimufuata gerezani, nikamwambia mwenyewe. Nililia mbele yake. Nilisema nikipata nguvu kule juu nitasema kweli. Alikubali kungoja.”

“Alingoja mpaka wapi, Octave?”

Akasema tu kwamba baadaye wewe ulikuwa kwake, kwenye shule zake, kwenye safari ya Ulaya, na baba yako alijua kwamba Octave akianguka na wewe utaanguka. Hapo nikaelewa ile simu ya kila mwezi ambayo baba yako alikuwa akikusikiliza tu, bila neno. Nilimwambia Octave kwamba alimchukua mtoto ili amfunge baba mdomo. Hilo ndilo neno pekee alilolikana, na alilikana akinitazama.

“Mutoto nilimupenda kweli, yaya. Hiyo si uongo.”

Ninakuandikia alivyosema. Utapima mwenyewe.

Aliondoka kabla ya chakula. Wapishi waliniuliza sahani yake waiweke wapi, nikasema wape watu.

Mwanangu, nimeibiwa sokoni, nimefiwa, nimekimbia vita na mzigo kichwani. Sijawahi kupigwa namna hii. Octave nilimpa jina la ndugu. Watoto wa watu walikufa kwa mkono wake, na mkono huohuo niliumwagia maji safi nikaupa kitambaa. Na paja la kuku nilikuwa nikimchagulia mimi mwenyewe.

Na baba yako naye, Mungu amrehemu, simwachi. Miaka yote ile alikaa mkekani pamoja na yule mtu, mimi ninaingia na kutoka na sahani. Wao wote wawili walijua. Mimi peke yangu ndiye nilikuwa mgeni katika nyumba yangu. Aliniacha niamini kwamba ndugu yangu ni muuaji, mama akafa anaamini hivyo, kwa sababu mtu mmoja aliwahi kumsukuma kwenye baiskeli. Huenda alifanya kwa ajili yako, na labda lilikuwa deni la uhai, sijui. Naenda kaburini, nasoma ninachosoma, halafu nasimama namkasirikia. Abdoul anasema si vizuri kumkasirikia maiti. Nimemwambia aiambie redio yake.

Mama Pascaline alilala kwangu siku ile. Alisema zamani alimfuata baba yako bandarini, akitaka waende pamoja kwa wakubwa akaseme aliyoyaona. Baba yako alimsihi arudi nyumbani, akisema wakati wake utafika. Peke yake yule mama aliogopa, kwani Octave alikuwa na nyota begani na wakwe zake walimkataza. Lakini kumsikia Octave akiomba msamaha kwa niaba ya mtu asiye na kosa, akasema, hapo miguu yake ilisimama yenyewe.

Usidhani mambo yamenyooka. Ndugu za Octave wa Wamaza hawapiti tena mlangoni kwangu, wanasema tumemnunua yule mama. Wazee wa Nyangwe walituita. Nilikwenda na Abdoul kwa pikipiki, tukapokewa, tukafika makaburini kwa mama bila mtu kutuzuia. Wengine walinishika mkono. Mzee mmoja aliyepoteza wake wawili siku ile aliniuliza: kama hakuwa yeye, kwa nini alinyamaza tukalala na chuki miaka yote hii? Nilimwambia hata mimi namwuliza swali hilohilo kaburini. Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Tumewaomba wazee wa pande zote mbili wakae na Mama Pascaline na wengine waliookolewa, wasikilizwe mbele ya watu. Haitamrudishia baba yako nguo nyeupe. Nataka tu jina lake litamkwe Nyangwe bila mtu kutema mate.

Baada ya hapo Octave alinipigia simu kutoka Kinshasa. Aliniomba nisikwambie. Alisema nitakuulia baba wa pili wakati wa kwanza bado hajapoa kaburini. Nilimwacha amalize. Nikamwambia nitakuandikia, na kwamba kama ana mapenzi kama anavyosema, akutangulie yeye mwenyewe kukuambia. Kama amekwambia kabla ya karatasi hii kufika, mwandikie hilo katika mazuri yake. Kama hajakwambia, basi umejua.

Kwa sababu nimesikia, Aicha. Jirani yetu aliyeona ujumbe wenu alinionyesha: siku ya ndoa yako, mwezi wa nane, Octave atakuja Liège kukaa mbele upande wa baba. Najua ulimwomba kwa moyo safi. Ndiye aliyekupeleka shule, ndiye aliyekaa nawe hospitalini ulipougua, na sitakwambia uyafute hayo, maana yalikuwa yako na yalikuwa kweli.

Sikukatazi kumwalika. Wewe ni mtu mzima, na moyo wako ndio utakaolala nao. Ninakuomba neno moja tu, kwa haki ya mgongo wangu uliokubeba. Akija, mpe chakula, mpe kiti kama wageni wengine. Lakini mbele, upande wa baba, acha pawe wazi. Na ukimwita, mwite Octave.

Nimechoka kuandika, na naona hata wewe umechoka kusoma. Ukihitaji kunitukana, nitukane, bora uandike. Ukihitaji kulia, Kamaldine yupo, mwambie yote, usianze ndoa na siri, umeona matunda yake.

Abdoul anakusalimu na anauliza kama kule redio zinajibu. Bibi Emmanuella aliyekufundisha kusoma anakusalimu, macho yake yamefifia lakini bado anakumbuka mwandiko wako. Wasalimu wote wa Kamaldine, wakubwa kwa wadogo. Mama Pascaline naye, tulipoagana, alinisikia nikisema nitakuandikia, akaniambia nikufikishie salamu zake. Amesema ukija kututembelea usiishie Kasongo. Ufike mpaka Nyangwe, mlangoni kwake, maana yeye hana binti, na wewe ni mtoto wa mtu aliyeingia majini kumtafuta.

Mungu akufunike kwa rehema yake, aitie ndoa yako baraka, na akupe usingizi mwema hata baada ya barua hii.

Ni mimi shangazi yako, niliyekubeba na ninayekupenda,

Djamila.